Nyaya za Shangazi

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwako.

Kwa Mama Mkwe,
Chumba cha uani,
Nyumba hiyohiyo.

Mheshimiwa Mama,

YAH: OMBI LA KUTENGUA UAMUZI WAKO KUHUSU NYAYA ZA GARI

Shikamoo. Najua nimekwisha kukuamkia leo asubuhi mlangoni pa bafu, na ukaniitikia vizuri, lakini ile ilikuwa shikamoo ya nyumbani. Hii ni ya kiofisi.

Nakuandikia ingawa kati ya meza yangu na kiti chako pana ukuta mmoja tu, na hivi sasa nakusikia ukikohoa (pole). Mkwe mwenye adabu hawezi kusimama mbele ya mama wa mkewe akabishana naye habari za waya. Karatasi inaweza kuwa na macho makavu kwa niaba yangu. Nakala moja atapewa mke wangu, ambaye ni binti yako, na nyingine atapewa fundi umeme wa magari tunayemwita Shoti, jina alilopewa na wateja wake wa mwanzo. Kwa kuwa nakala hutembea, na zinaweza kusomwa na watu wasiokijua kisa, niwie radhi nikieleza na yale unayoyajua kuliko mimi.

Gari linalozungumzwa ni lile la marehemu Baba Mkwe, la rangi ya maziwa, kuukuu lakini la heshima, ambalo familia nzima huliita Shangazi kwa sababu huja polepole na likifika lazima liseme neno. Mzee aliliacha mikononi mwangu kwa kauli yake mwenyewe: nilitunze na nisilikimbize. Sijalikimbiza. Lakini juzijuzi, nikiwa nimempakia mkuu wangu wa kazi, moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi, na mkuu wangu akashuka kabla sijasimama. Shoti alifungua boneti, akatazama, akaifunga, akaomba maji ya kunywa. Alipokwisha kunywa alisema nyaya zote zimekwisha kazi. Nyingine zimekauka, nyingine zimeungua, na zilizobaki panya wamezila. Hakuna tena kuunga na kufunga tepu. Ni kung'oa wayaringi nzima, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, na kuweka nyingine.

Mpaka hapo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza Shoti alipoleta uchaguzi wa aina tatu na kuutandaza juu ya meza ya chakula, nasi tukauwekea kikao.

Fungu la kwanza ni la nyaya zilizovikwa uzi wa pamba, kila waya na rangi yake, kama zilivyotoka kiwandani enzi hizo. Linapendeza hata kulishika. Linanukia shati jipya. Kila waya unakwenda unakotakiwa kwenda na hauendi kwingine. Mimi nililipenda pale pale.

Fungu la pili ni la plastiki, la kisasa, lenye sanduku la fyuzi kubwa kuliko betri. Lina nyaya za vioo vinavyopanda vyenyewe na za kipoza hewa, vitu ambavyo Shangazi hana wala hajawahi kuviota. Nilipouliza nyaya hizo zitafungwa wapi, Shoti alisema zitaning'inia tu, zikisubiri maendeleo. Binti yako alilitaka hilo.

Fungu la tatu halikuwepo mezani. Lilikuwa wazo. Shoti alisema, kwa utani, nina hakika, kwamba akitaka anaweza kuzilaza zile nyaya zilizoungua sakafuni na kusuka mpya kwa kuzifuatisha, waya kwa waya, pamoja na makosa yote aliyoyafanya Mzee. Tulicheka. Wewe, Mama, hukucheka. Uliweka kikombe chini, ukasema, "Fungeni kama alivyofunga mwenyewe," ukaenda chumbani. Mke wangu, aliyekuwa adui wa fungu langu lakini adui mkubwa zaidi wa hilo la tatu, alihamia upande wako kabla mlango wako haujafungwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo naweka mbele yako malalamiko yangu, nikiyapanga kwa namba kama ilivyo desturi ya kazi yangu.

1. Honi. Marehemu alikuwa mpiga chapa, na aliamini kwamba mtu anayeweza kuituliza mashine ya kuchapa hawezi kushindwa na gari. Sikukuu moja alijifungia karakana na kuzifunga nyaya zote upya peke yake, baadhi akizitoa kwenye kengele ya mlango. Tangu siku hiyo, ukiwasha indiketa ya kushoto, honi hulia. Hailii mara moja ikanyamaza. Hulia kwa kuifuata taa, pii, pii, pii, mpaka usukani urudi. Kitufe chenyewe cha honi, kilicho katikati ya usukani, hakifanyi lolote. Mzee alikiacha kama pambo.

Mama, mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Gari la ofisi lilikufa zamani, natumia Shangazi. Kazi yangu yote ni kumfikia muuza duka kabla hajajua kwamba nimefika. Mtaa wa soko uko kushoto.

Sijawahi kukamata mizani mbovu hata moja. Nikifika, kila mizani imesimama sawasawa kama askari, na wafanyabiashara wananikaribisha kwa upendo ambao mkaguzi hastahili kuupata. Muuza sukari huniita mwanangu. Nilipojaribu kumweleza mkuu wangu tatizo, alinipa barua ya pongezi kwa kuwa na soko safi. Barua ile iko ukutani, na kila nikiitazama naona aibu.

2. Njia. Binti yako, kwa kuogopa honi, haendi kushoto tena. Akitaka kwenda hospitali, ambako kuna kibao cha kukataza kelele, hukata kulia, kulia tena, na kulia tena, mpaka anaiingia hospitali kwa mgongo kama mwizi. Mafuta yanayoishia kulia ni mengi, lakini linaloniumiza zaidi ni kwamba sasa amezoea, na hata akitembea kwa miguu hufanya hivyo hivyo. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

3. Redio, ambayo haisemi mpaka waipa zifanye kazi. Jua kali, vumbi, na sisi tunakwangua kioo kikavu ili tusikie taarifa ya habari. Watu wanaosimama pembeni hutazama juu kutafuta mvua. Siku mvua inaponyesha kweli, hatuwezi kuinyamazisha redio, na lazima tusikilize matangazo yote ya biashara mpaka kukauke.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Mke wangu alipita nyuma ya kiti changu akalisoma.

5. Ukikanyaga breki, taa ya ndani huwaka. Kila tunaposimama kwenye makutano jioni, sisi tuliomo tunaonekana na dunia nzima kama mikate kwenye kabati la kioo. Najua wewe, Mama, hali hiyo haikusumbui. Wewe huketi wima, hurekebisha kitambaa cha kichwa, na huwapungia mkono watu wa kituoni, nao wamekuzoea. Lakini mimi sikuumbwa kwa ajili ya kupungiwa. Nikiwashiwa taa hujikuta nachezea pua.

6. Geji ya mafuta. Ukiwasha taa kubwa, inapanda mpaka mwisho na kusema tangi limejaa. Nilipomuuliza Mzee enzi za uhai wake, alijibu kwamba gari lenye taa lina matumaini. Nimelisukuma hilo gari lenye matumaini mara nyingi, nikiwa nimevaa viatu vya ofisini.

7. Chai. Naomba lalamiko hili lisionekane dogo. Kila nifikapo nyumbani, kabla sijavua viatu, nakuta kikombe mezani, chai isiyo na sukari, inatoka moshi. Nikiwahi, ipo. Nikichelewa, ipo, na ni ya moto vile vile. Sijawahi kuulizwa kama naitaka. Wala si kwamba siitaki, na ndilo jambo linalonikera, kwa sababu mtu hawezi kulalamika vizuri akiwa na kikombe mkononi. Kama mtaalamu wa vipimo nimejaribu kuelewa makadirio haya hufanywaje katika nyumba ambayo saa ya ukutani ilisimama zamani, na sikuelewa. Nimeliingiza hapa kwa sababu linahusu utaratibu wa jumla wa nyumba hii, ambamo mambo hutokea bila maelezo.

8. Sasa nifike kwenye hoja yenyewe. Tukikubali kwamba kosa, likishazoeleka, lina haki ya kunakiliwa kwa nyaya mpya, tutasimamia wapi? Mzee ndiye aliyefunga kitasa cha mlango wa bafu, na akakifunga kinyume, hata komeo likawa nje. Nimewahi kufungiwa humo na mtu aliyekuwa akipita tu, akaona komeo liko wazi, akadhani amesaidia. Je, kitasa kikifa, tutanunua kipya na kukifunga kinyume? Mzee alitundika kabati la jikoni miguu juu, ndiyo maana vikombe vyetu hukaa juu ya dari ya kabati. Tutamwita seremala tumwelekeze ageuze la pili? Mzee aliamini kwamba popo ni ndege. Watoto watakapokuja kuulizwa shuleni, wajibu nini? Na walimu wakiwasahihisha, tutaandamana? Naona mbali, Mama. Naona ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, ukizunguka kulia, kulia, kulia, redio ikikwangua kioo, tangi likiwa tupu na geji ikisema limejaa, na wote wamewashiwa taa.

9. Mimi nitakuwa ndani ya bafu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, utengue uamuzi wako na uliidhinishe fungu la pamba, ambalo ni la heshima, la kale kama gari lenyewe, na halimkosei adabu mtu yeyote isipokuwa wauza sukari.

Pili, kiitishwe kikao cha ukoo kitakachotangaza rasmi, kwa upole na bila kumvunjia heshima, kwamba Marehemu alikuwa baba mwema, mume mwema, na mpiga chapa hodari, na kwamba alikosea waya. Tangazo hilo liandikwe kwa hati nzuri na kutundikwa sebuleni chini ya picha yake. Sitaki lirefushwe. Maneno "alikosea waya" yananitosha.

Tatu, endapo maombi hayo yatakataliwa, niruhusiwe kurudi kwetu kwa wazazi wangu, nipumzike huko nikilia kidogo kidogo kama wafanyavyo walioonewa katika ndoa, mpaka mtakapotuma watu wazima wenye busara kunifuata, kuniomba radhi na kunirudisha. Nimekwisha kuandaa begi. Wazazi wangu bado sijawaarifu, kwa kuwa Mama yangu mzazi akisikia atauliza kwanza kama nimekula.

Mama, usije ukadhani sina moyo. Mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha, ndani ya Shangazi huyo huyo, akiwa ameshika kikombe chake cha kahawa bila kumwaga, maana alikuwa mtu wa kahawa mpaka mwisho. Nilipokosea hakunikaripia. Alinywa tu kwa haraka zaidi. Nilimpenda, na bado nampenda. Shoti alipozitoa nyaya zilizoungua na kuzilaza barazani, nilikuona ukiinama ukayashika mafundo yake, yale ya uzi wa kushonea vitabu, aliyokuwa akifungia kila kitu kuanzia vifurushi vya karatasi mpaka mguu wa meza. Uliyapapasa moja moja. Nami sikuliingiza kwenye orodha, kwa sababu lile halikuwa jambo la kulipa namba.

Binti yako ananiambia kwamba umeizoea ile honi. Naelewa. Miaka mingi ilikuwa ikikuambia kwamba mumeo amekata kona na anaingia mtaani. Naelewa kwamba ukiisikia unamsikia yeye. Lakini, Mama, na hili nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa, Mzee hatakata tena ile kona, na anayeikata ni mimi. Sioni haki gari linikaribishe kwa sauti ya mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma, na mengine yote huenda nimeyaandika ili nisilitaje. Miaka yote hii naingia nyumbani nikitangazwa kwa jina lisilo langu.

Ili ujionee mwenyewe raha ya utulivu, nimemwomba Shoti alifunge lile fungu la pamba kwa muda tu, kwa majaribio, bila kulikaza. Mchana wa leo nitalichukua gari karakana, nitapita sokoni, kisha nitarudi nyumbani kimya kimya kama mtu mstaarabu. Naamini baada ya hapo hatutahitaji kikao.

Nawasalimu wote walio upande wako wa ukuta. Msalimie binti yako, ambaye yuko pande zote mbili. Msalimie jirani wa getini na kuku wake wanaolala njiani. Shoti nitamsalimia mwenyewe, lakini mwambie akija kwamba utani mwingine si wa kufanya mbele ya watu wazima. Picha ya Mzee sebuleni naipa heshima zake. Nimeifuta vumbi leo, ingawa haikuwa zamu yangu.

Wako katika utii unaolalamika,

Mkweo,
Mkaguzi wa Mizani na Vipimo,
(mwenye begi tayari).

Baada ya sahihi:

Mama, barua hii nilikwisha kuitia kwenye bahasha. Nimeifungua tena. Naandikia juu ya usukani, nje ya geti, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Jaribio limefanyika na fungu la pamba halina dosari. Nilikata kushoto kuingia mtaa wa soko kwa ukimya ambao sikuwahi kuujua. Muuza sukari, yule anayeniita mwanangu, nilimkuta ana jiwe amelibandika chini ya sahani ya mizani. Jirani yake naye. Nikawaandika wote wawili kwa furaha. Hakuna aliyeniita mwanangu. Nilipokuwa narudi kwenye gari nikapishana na mama mmoja ana kifurushi chake cha sukari, kimepungua na hajui, na nikaanza kufanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Siku zote honi ilipolia, mawe yaliondoka na watu walipimiwa sawa. Leo haikulia, nikawakamata wezi, baada ya watu kuibiwa.

Hilo ningeweza kulivumilia. Nina kichwa kigumu.

Kisha nikakata kushoto kuingia mtaani kwetu. Taa ilipepesa, haikusema kitu. Kuku wa jirani hawakuondoka njiani, ikabidi nishuke niwafukuze kwa mkono. Geti lilikuwa limefungwa. Kupitia dirisha la jikoni nilikuona unachambua mchele, umenipa mgongo, na jiko halina moto. Nilikaa garini. Sikuwa najua nasubiri nini mpaka binti yako aliporudi kutoka dukani akaniuliza mbona nimekaa nje kama mgeni. Nikamwambia sioni chai. Alinitazama jinsi mimi ninavyotazama mizani mbovu. "Mama atajuaje umefika?" akasema. "Si hukupiga honi?"

Mzee alikuwa mtu wa kahawa, Mama. Chai isiyo na sukari, katika nyumba hii, nakunywa mimi peke yangu.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta, isipokuwa la mlango wa bafu. Shoti afuatishe nyaya za Mzee waya kwa waya, na mafundo ayafunge kwa uzi wa vitabu. Nitakuwa mkaguzi anayesikika. Begi nimemwambia mke wangu alifungue.

Barua hii anakuletea yeye sasa hivi. Mimi namrudisha Shangazi mpaka kona, nitakata kushoto upya, na kwa leo honi nitaibonyeza kwa mkono. Tafadhali, Mama, bandika birika.